Uzi: Kijana anayeruka kutoka mwambani huongezaje kasi ya kujizungusha akiwa hewani?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Mwanza. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na uzi huu umetokana na ubishi wa Jumamosi iliyopita, nilipokuwa ufukweni na mwalimu mwenzangu tukiwatazama vijana wakiruka kutoka kwenye mwamba na kuingia ziwani. Mwamba wenyewe una kimo cha mita 5 hivi kutoka usawa wa maji. Kijana mmoja alijirusha akiwa amenyooka, akaanza kupinduka polepole, kisha akakunja magoti na kuyakumbatia kifuani, na papo hapo mwili wake ukazunguka kwa kasi kubwa. Alipoyakaribia maji akajinyoosha tena, mzunguko ukapoa, akaingia majini mikono ikitangulia. Mwenzangu akasema kijana yule alijiongezea nguvu akiwa hewani. Nikamuuliza: alijiongezea kwa kusukuma nini? Chini ya miguu hapakuwa na ardhi, mikononi hapakuwa na kamba, na hewa ni nyepesi mno kuwa egemeo. Tulibishana mpaka giza likaingia.

Jibu langu ni kwamba hakujiongezea chochote. Mzunguko wote aliokuwa nao hewani aliuchukua mwambani, pale nyayo zake ziliposukuma jiwe kwa mara ya mwisho huku mwili ukiwa umeinamia mbele. Kuanzia hapo hadi anayagusa maji, alibaki na kiasi kilekile. Wanafizikia hukiita kiasi hicho momentamu ya mzunguko, na namna ya kukipata ni hii: ugawe mwili katika vipande vidogo, na kwa kila kipande zidisha tungamo lake, umbali wake kutoka kwenye mhimili, na kasi ambayo kipande hicho kinakwenda nayo kuuzunguka mhimili huo, kisha jumlisha vyote. Jumla hiyo haibadiliki isipokuwa kitu cha nje kiusokote mwili. Mvutano wa dunia hauwezi kufanya kazi hiyo kwa mtu aliye hewani, kwa sababu huvuta kichwa, tumbo na miguu kwa uwiano uleule wa tungamo. Humwangusha, lakini haumzungushi wala haumzuii kuzunguka.

Sasa angalia umbali unavyofanya kazi, maana hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama. Kipande kilicho mbali na mhimili mara mbili huhesabiwa mara mbili zaidi kwa sababu ya umbali wenyewe. Lakini pia, mwili ukizunguka mara moja, kipande hicho husafiri kwenye duara kubwa mara mbili, kwa hiyo kasi yake nayo ni mara mbili. Umbali umeingia katika hesabu mara mbili, na ndiyo maana tunasema mchango wa kila kipande katika inesha ya mzunguko, yaani ugumu wa mwili kuzungushwa, hufuata mraba wa umbali. Kijana akivuta miguu na kichwa karibu na kiuno, inesha yake hushuka hadi kama theluthi moja ya ilivyokuwa, na kwa kuwa momentamu haina ruhusa ya kupungua, kasi ya mzunguko hupanda mara tatu hivi.

Mtu akianguka mita 5 hukaa hewani sekunde 1 tu. Akibaki amenyooka, kijana wa namna ile angepata nusu mzunguko katika sekunde hiyo na kuingia kwa kichwa. Akijikunja kwa sehemu kubwa ya safari anapata mzunguko mzima na zaidi. Kujinyoosha mwishoni si madoido: bila kufanya hivyo angeyapiga maji huku bado akipinduka kwa kasi, na angeumia mgongo.

Darasani huwa nalionyesha jambo hili kwa kiti cha ofisini kinachozunguka na chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Mwanafunzi hukaa, hunyoosha mikono huku ameshika chupa, mwenzake humzungusha mara moja polepole na kumwachia. Kila chupa ina kilo 1.5 na iko sentimita 80 kutoka kwenye mhimili, kwa hiyo chupa zote mbili zinachangia inesha ya 1.92 katika vipimo vya kilo na mita za mraba. Tuseme mwili na kiti pamoja vina 2. Akizivuta chupa hadi sentimita 20 kutoka katikati, mchango wake unashuka hadi 0.12. Jumla imetoka 3.92 hadi 2.12, na aliyekuwa anazunguka mara moja kila sekunde 2 sasa anazunguka karibu mara moja kila sekunde. Hapo sijahesabu mikono yenyewe, ambayo nayo imesogea ndani, kwa hiyo kasi halisi huwa kubwa zaidi. Anayefanya jaribio hili ahakikishe kiti hakipinduki.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Shikamoo Mwalimu. Mimi niko kidato cha sita. Nimefanya hesabu ya nishati kwa mfano wako wa kiti nikaona kwamba nishati ya mzunguko imeongezeka karibu mara 1.85. Kama hakuna kilichosukuma kutoka nje, nishati hiyo ya ziada imetoka wapi? Au hifadhi ya nishati haifanyi kazi hapa?

Mwanzisha uzi

Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ni sahihi, na umegusa mahali ambapo hata vitabu huvuka haraka mno. Momentamu ya mzunguko imebaki vilevile, lakini nishati ya mzunguko haikubaki. Imetoka katika misuli ya mikono. Ukiwa unazunguka umeshika chupa, unazihisi zinataka kukimbilia nje. Ili kuzileta kifuani unazivuta ndani huku zenyewe zikisogea ndani, na kani ikisafiri umbali upande wake, kazi imefanyika. Kazi hiyo ndiyo nishati uliyoiona. Uko sawa pia kushangaa, kwa sababu mvuto wa mikono unaelekea moja kwa moja kwenye mhimili, na kani inayoelekea kwenye mhimili haiwezi kusokota. Kwa hiyo mikono inaweza kuongeza nishati bila kuongeza momentamu. Ukinyoosha mikono tena, chupa hukuvuta wewe, na nishati hupungua.

Johannes Kepler aliliona jambo hili angani kabla fizikia haijawa na jina lake. Mwaka 1609 aliandika kwamba mstari unaoiunganisha sayari na Jua hufagia maeneo yaliyo sawa katika muda ulio sawa. Sayari ikisogea karibu na Jua huenda mbio, ikiwa mbali hujikokota. Isaac Newton mwaka 1687 akathibitisha kwamba sheria hiyo hutokea kila mahali ambapo kani inaelekea kwenye kitovu kimoja, kani hiyo iwe kali au hafifu. Jua linaivuta sayari kama wewe unavyoivuta chupa.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, mimi ni fundi baiskeli hapa Igoma. Nina mambo mawili. Kwanza, tulipokuwa wadogo tulicheza pia ya mti, tunaifunga kamba na kuichapa, lakini mwishowe ilisimama na kuanguka. Kama mzunguko haupotei, wa pia ulienda wapi? Pili, nikishika gurudumu kwa ekseli, nikalizungusha kwa nguvu kisha nikajaribu kuliinamisha, linakataa, linageukia upande ambao sikuutaka. Gurudumu lililosimama halifanyi hivyo.

Mwanzisha uzi

Ndugu fundi, nakushukuru, kwa sababu swali la pia ndilo linalotofautisha anayeijua sheria na anayeikariri. Sheria haisemi kwamba kila kitu kinachozunguka kitazunguka milele. Inasema kwamba jumla haibadiliki pale ambapo hakuna wa nje anayesokota, na ile pia yenu ya mti inasokotwa na wawili: ardhi inayosuguana na ncha yake, na hewa inayosuguana na ubavu wake. Momentamu iliyoondoka kwenye pia imehamia kwenye hewa na kwenye dunia. Mwishowe dunia imeupokea mzunguko ule wote, ila ni kubwa kiasi kwamba hakuna kipimo kinachoweza kuiona tofauti hiyo.

Kuhusu gurudumu, momentamu ya mzunguko ina mwelekeo pia, nao hufuata ekseli. Kuliinamisha ni kuugeuza mwelekeo huo, na mabadiliko yoyote ya mwelekeo lazima yalipwe kwa msokoto kutoka nje, ambao katika hali hii ni mikono yako. Nyongeza unayoitia kwa kuinamisha haiendi upande ulikoelekea ekseli bali inaingia kwa kukata pembe mraba, ndiyo maana gurudumu linageukia pembeni. Fanya jaribio hili karakanani kwako. Kaa kwenye kiti kinachozunguka, shika gurudumu linalozunguka likiwa limelala kama sahani, kisha lipindue chini juu. Kiti kitaanza kuzunguka, kwa kuelekea kule gurudumu lilikokuwa likizungukia mwanzo, na momentamu yako wewe na kiti itakuwa mara mbili ya ile ya gurudumu. Hakuna aliyekusukuma, gurudumu limegeuza upande wake, na ninyi mmelipa tofauti.

Niongeze jambo moja kwa kuwa wewe ni fundi. Watu wengi husema baiskeli haianguki kwa sababu ya magurudumu kuwa magumu kuinamishwa. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft na Cornell na wenzao walitengeneza baiskeli ambayo athari hiyo ya magurudumu imefutwa kwa magurudumu mengine yanayozunguka kinyume, na ikaendelea kusimama wima yenyewe ilipokuwa ikitembea. Magurudumu yanasaidia katika baiskeli za kawaida, lakini siyo sababu pekee.

Mchangiaji wa tatu

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mvuvi, nina miaka mingi ziwani. Asubuhi nyingine tukiwa tunarudi na dagaa tunaona nguzo ya maji imesimama kati ya wingu na ziwa, inazunguka, na boti yoyote inabidi ikimbie. Wazee walituambia ni joka linalonyonya maji. Je, nguzo hiyo inahusiana na haya unayosema?

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, nzuri. Nguzo hiyo ni ndugu wa kijana wa mwambani, na kwangu ndiyo onyesho kubwa kuliko yote ambayo ziwa letu hutupatia.

Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka pwani zote kuelekea ziwani, na pepo hizo zikikutana juu ya maji yenye joto hewa hulazimika kupanda na kujenga mawingu. Ndiyo maana ziwa hili lina mvua nyingi za usiku na alfajiri. Pale pepo mbili zinapopishana, hewa hupata mzunguko hafifu, ambao mtu aliye kwenye boti hawezi hata kuuhisi. Wingu likianza kukua juu yake, hewa ya chini inavutwa kuelekea katikati ili ipande, na hapo inafanya kile alichofanya kijana alipokumbatia magoti. Chukua hewa inayozunguka kwa nusu mita kwa sekunde, ikiwa mita 500 kutoka katikati. Ikivutwa hadi mita 25, umbali umepungua mara 20, basi kasi lazima ipande mara 20, ifike mita 10 kwa sekunde. Msuguano na uso wa maji hula sehemu ya kasi hiyo, lakini inayobaki inatosha kupindua mtumbwi.

Kuhusu kunyonya maji, sehemu kubwa ya nguzo mnayoiona si maji ya ziwa. Hewa inayozunguka kwa kasi huwa na kanieneo ndogo katikati, inapanuka, inapoa, na mvuke uliomo unageuka matone madogo kama ya ukungu. Kinachotoka ziwani ni povu na rasharasha za chini tu. Wazee waliona sawasawa kwamba kitu kinazunguka na kwamba ni hatari, na ushauri wao wa kukimbia mbali bado ni sahihi.

Mchangiaji wa nne

Mwalimu, hapo umenikumbusha. Nilisafiri kwenda Kampala kupitia Masaka, tukasimama Kayabwe penye alama ya Ikweta. Tulionyeshwa maji yakitoka kwenye beseni lenye tundu: upande wa kusini yanazunguka hivi, upande wa kaskazini vile, na juu ya mstari hayazunguki. Tukaambiwa ni mzunguko wa dunia. Je, ni kweli? Hapa Mwanza tuko kusini, mbona sinki langu la jikoni huzungusha maji pande zote mbili, leo hivi kesho vile?

Mwanzisha uzi

Dada, sinki lako limejibu vizuri. Kwamba maji huzunguka mbio yanapokaribia tundu, hiyo ni hifadhi ya momentamu tupu: mzunguko mdogo uliokuwamo ukingoni hukuzwa yanapokwenda katikati. Lakini upande yanakozungukia hutegemea nani aliyamwaga, bomba liliangalia wapi, na mkono wa mwisho uliopita humo.

Tufanye hesabu. Mwanza iko takribani nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta. Katika latitudo hii, sehemu ya mzunguko wa dunia inayoweza kuyazungusha maji yaliyomo kwenye beseni huyapa maji yaliyo sentimita 20 kutoka kwenye tundu kasi isiyofika hata maikromita moja (sehemu moja ya elfu ya milimita) kwa sekunde. Ukiacha beseni na mwendo wa masalia wa milimita moja tu kwa sekunde, mwendo ambao jicho halitauona, huo tayari ni zaidi ya mara 1,500 ya mchango wa dunia. Hatua chache kutoka kwenye mstari wa Ikweta mchango huo hauna maana kabisa. Unachokiona pale huamuliwa na namna maji yanavyomiminwa.

Hata hivyo jambo lenyewe ni la kweli pale subira inapokuwapo. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa taasisi ya MIT huko Marekani alitumia tangi lenye upana wa karibu mita 1.8, akaliacha litulie kwa saa 24, akatoa kizibo polepole, na maji yakazunguka kinyume cha saa kama nadharia ilivyotabiri kwa kaskazini. Miaka michache baadaye watafiti wa Sydney wakafanya vivyo hivyo, yakazunguka kwa mwelekeo wa saa. Sehemu zote mbili ziko mbali na Ikweta. Mchango wa dunia kwa Shapiro ulikuwa kama mara 15 ya wetu. Kwa sababu hiyohiyo ya udhaifu, vimbunga vikubwa vya baharini ni nadra sana kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za Ikweta.

Mchangiaji wa kwanza

Mwalimu, umesema pia ya mti hubadilisha mzunguko wa dunia kwa kiasi kisichopimika. Je, ziwa lenyewe? Mwaka 2020 maji yalipanda hadi yakaingia majumbani kwa watu wa ufukweni. Tungamo hilo lote halikuibadilisha dunia?

Mwanzisha uzi

Swali hili limeninyima usingizi, nami nakuletea hesabu.

Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800. Kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020 lilipanda zaidi ya mita 1. Mita moja tu ni tani bilioni 68.8 za maji. Maji hayo mwisho wa hesabu yametoka baharini, na kwa kuwa bahari zote zimeungana na hujisawazisha, tuchukulie yametolewa kidogokidogo kutoka kila mahali, kuanzia karibu na ncha za dunia hadi Ikweta. Wastani wa mraba wa umbali wake kutoka kwenye mhimili wa dunia ulikuwa takribani theluthi mbili ya ule wa Ikweta. Sasa yamekusanywa hapa kwetu, karibu kabisa na Ikweta, yaani mbali na mhimili kuliko mahali pengine pote duniani. Dunia imenyoosha mikono.

Ukigawanya ongezeko hilo la inesha kwa inesha ya dunia nzima, unapata kama 1.2 kwa kila bilioni 100. Siku ina sekunde 86,400. Kwa hiyo kila mita ya maji inayoongezeka ziwani huirefusha siku kwa takribani sekunde moja iliyogawanywa kwa milioni. Ukihesabu pia kwamba dunia huinama kidogo chini ya uzito huo, jibu linapungua kiasi, lakini ukubwa wake unabaki huohuo. Kwa kulinganisha, tetemeko la Japani la Machi 2011, la ukubwa wa 9.0, lilikadiriwa kuifupisha siku kwa sehemu 1.8 za milioni za sekunde, kwa kusogeza tungamo karibu na mhimili. Saa za wataalamu haziwezi kulitenga ziwa letu peke yake, kwa kuwa upepo wa dunia nzima huibadilisha siku kwa karibu elfu moja ya sekunde kadiri misimu inavyopita, nao hupokezana momentamu na ardhi kama pia.

Mchangiaji wa kwanza

Nimekuelewa, Mwalimu. Lakini ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Nilidhani sababu kubwa ingekuwa kwamba maji yameinuliwa.

Mwanzisha uzi

Hata mimi nilianza na dhana hiyo, kisha nikapima. Mita 1,134 dhidi ya kilomita 6,378 za nusu kipenyo cha dunia huongeza mraba wa umbali kwa chini ya sehemu 4 katika 10,000, wakati kuhama kutoka wastani wa bahari hadi Ikweta kunaongeza theluthi nzima ya thamani ya Ikweta. Kimo kinachangia kama mara 900 chini ya latitudo. Maji hayohayo yangekaa kwenye ziwa la Siberia lenye kimo kilekile, kwenye nyuzi 60 za kaskazini, siku ingefupika, kwa sababu pale mraba wa umbali ni robo tu ya ule wa kwetu. Jaribu kuikokotoa latitudo ambayo maji yakiwekwa hapo siku haibadiliki kabisa, ukikiacha kando kimo. Mimi nimepata kama nyuzi 35. Niambie wewe umepata ngapi.